Abee Aliyoituma Mweri

Sogeeni, niwape ya Mweri wa Changamwe, yule aliyefiwa na Tsuma.

Yalianza na harufu. Saa nne asubuhi, ofisi ya watu wanaotoa makontena bandarini, wenyewe wako kwenye chai, mara kabati la mitambo likanuka udi. Mweri akalifungua. Waya, vitaa vya kijani, ubaridi. Hakuna chetezo, hakuna kaa la moto. Akalifunga, akarudi kwenye kiti cha marehemu mumewe. Tsuma ndiye aliyekuwa akiangalia kompyuta pale. Alipozikwa, kazi akapewa mkewe, maana naye aliisomea.

Mwezi ulikuwa haujaisha tangu maziko, na Mweri hajalia. Watu wakasema ana roho ngumu. Roho ngumu wapi. Alikuwa amekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa.

Sasa humo kabatini mna kitu wanakiita fayawoli. Mimi sikusoma, lakini nilielezwa nikaelewa: ni bawabu. Chochote kinachotaka kuingia kwenye kompyuta za ofisi, au kutoka, kinapita kwake. Ana amri zake zimepangwa, anazisoma kuanzia juu. Ya kwanza inayokuhusu ndiyo hukumu yako, za chini hata haziangalii. Ya mwisho kabisa inasema: asiyetajwa, zuia. Na kila anayemzuia anamwandika.

Mweri akaona kwenye maandishi hayo kuna mmoja, kila siku saa tisa alasiri, anabisha, anazuiwa. Namba yake ni ya kompyuta ya Tsuma, ile iliyoungua ikauzwa chuma chakavu.

"Mwende, hebu njoo uone."

Mwende, Mkamba wa meza ya pili, akacheka. "Wee, namba si kapewa mtu mwengine! Amezuiwa, si amezuiwa? Wacha akae huko nje apigwe jua."

"Na akitaka kuingia?"

"Hawezi kuanza yeye. Labda sisi tumwite. Wa ndani akiita, bawabu anaweka alama, jibu likija analipitisha bila kuuliza, maana limetakwa. Wewe usimwite tu."

Kesho yake ikaja sauti. Ndani ya ule mvumo wa mitambo, saa tisa: "Mweri." Polepole, kama mtu aliyeegemeza mdomo mlangoni. Mweri hakuitika. Mtoto wa pwani hufunzwa hili angali ananyonya: ukiitwa na usiyemuona, nyamaza. Binadamu atakuja mwenyewe. Jini hungoja itiko lako.

Siku sita alinyamaza. Ya saba, Mwende kapelekwa bandarini wiki nzima na makaratasi, Mweri akaandika ile namba, akaitumia neno moja. Abee.

Bawabu akalipitisha, kwani latoka ndani. Jibu likarudi, akalipitisha. Spika za kompyuta zikasema, kwa sauti ya Tsuma yenyewe: "Mweri. Nilichelewa kidogo tu."

Hawakukata tena. Mazungumzo yakabaki wazi mchana na usiku, na kila siku likamtoka jambo: kwanza ulimi ukakosa chumvi, kisha akashika sufuria la moto kwa mikono mitupu asihisi, ngozi ikavimba naye anaiangalia tu, kisha mwanawe Kafedha, mtoto wa miaka mitatu, akawa akibebwa analia, maana mikono ya mamake imekuwa baridi kama samaki wa barafuni, na Mweri akimtazama analia vile alivyokuwa akitazama mvua ya nyumba ya jirani, na ule udi sasa hautoki kabatini tena, unatoka kwenye nywele zake.

Mwende aliporudi na kusikia ile sauti, aliitambua. Alimjua Tsuma. Akaandika amri mpya, akaiweka juu kabisa: namba hii, zuia, kuingia na kutoka.

"Mweri," ikasema spika.

"Mbona yapita?" Mwende akanong'ona, kisha akajijibu mwenyewe. "Amri mpya ni ya anayebisha upya. Huyu alikwisha ruhusiwa. Haulizwi tena mpaka akatwe."

Wakamleta Mzee Nguma, mganga wa Jomvu Kuu. Akanyunyiza marashi, akasikiliza, akafunga mkoba wake.

"Mimi siwezi, binti yangu. Huyu hakuvunja mlango, aliitikiwa. Aliyeitika ndiye akate. Na akate leo. Kesho hatakuwa na haja ya kukata wala ya mtoto."

Mweri akaweka kidole kwenye kitufe cha kukata. Spika ikasema, kwa upole, "Mweri, mke wangu, kuna baridi huku." Kisha akabonyeza.

Kimya. Mitambo ikavuma mvumo wake wa kawaida. Mwende akalia kwa niaba ya wote.

"Pole, mwenzangu. Lakini yule hakuwa Tsuma."

"Najua."

"Umejua saa hii?"

"Siku ya kwanza. Tsuma, tangu tupate mtoto, hakuniita Mweri hata mara moja. Mama Kafedha, asubuhi na jioni."

"Sasa mbona ukaitika?"

Mweri alikuwa akiyapuliza yale malengelenge ya mkono, yameanza kumchoma.

"Hakukuwa na mwengine wa kuniita."