Mbegu za Pilipili za Bibi Kristiana

Mimi ni Valerian, mwana wa Basil, mwana wa Tadei. Babu yangu Tadei alilima ulezi huku Mpui kwa matuta ya duara, nyasi zikiwa zimefukiwa ndani zioze, na wapita njia walisimama kuyatazama. Baba yangu Basil alikuwa katekista; neno lake lilitosha bila shahidi. Nayataja haya ili mfahamu ni kwa nini nilikasirika.

Marehemu mke wangu, Kristiana, alizaliwa Mtowisa, bondeni kwenye joto. Alipoolewa alikuja na pilipili za kwao, na mwaka hadi mwaka alichagua mbegu za miche iliyostahimili baridi yetu. Alipofariki, alituachia mbegu chache tu ndani ya kichupa. Hakuna jirani aliyekuwa na nyingine. Nilizikabidhi kwa mjukuu wangu Silvana, mwanafunzi wa darasa la sita, azioteshe kwenye makopo.

"Sikiliza vizuri," nilimwambia. "Pilipili haioti kwenye baridi. Asubuhi toa makopo juani, jioni yaingize jikoni karibu na mafiga. Na usiwe na pupa, maana huchelewa kuota."

"Nimeelewa, Babu."

Alielewa, ila hakutenda. Ilikuwa Julai, upepo wa Ufipa ukipenya hadi kwenye mifupa. Kila jioni niliuliza, "Silvana, makopo yako ndani?" Naye, akiruka kamba na wenzake, alijibu bila hata kugeuka, "Ndiyo, Babu!"

Hatimaye akaniita nione miche. Macho yangu hayaoni tena vizuri vitu vya karibu, lakini rangi ya kijani niliiona. Nilifurahi mno, hata baada ya misa nikawatangazia watu nje ya kanisa kwamba pilipili za Kristiana zimeota. Nikamwahidi miche jirani yetu Asnath.

Asnath alikuja Jumamosi moja, miche ikiwa imekwisha kutoa maua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Haya, chagua mwenyewe."

Aliinama, akageuza jani, akanitazama kwa mashaka. "Mzee, nimekuja kuchukua pilipili au mboga? Huu ni mnavu!"

Kicheko kikalipuka nyuma ya jiko, alikokuwa mjukuu wangu mwingine, Beda, ambaye nilikuwa nimemtuma kupalilia. "Babu analea mnavu kwenye makopo! Silvana, mshikaji wangu, songa ugali tule!"

"Nyamaza wewe, palilia! Na mshikaji ni nani hapa nyumbani kwangu?" Nikamgeukia Silvana. "Eleza."

Alitazama vidole vya miguu yake. "Labda... labda Bibi alichanganya mbegu."

Neno hilo lilinichoma. "Bibi yako? Aliyekuwa akichambua mbegu moja moja juani? Unamsingizia marehemu asiyeweza kukujibu?"

Machozi yakamtoka. "Siyo Bibi. Ni mimi. Makopo niliyaacha nje usiku. Hakikuota kitu, nikaogopa. Nikang'oa miche ya mnavu bustanini, nikaipanda humo."

"Na mbegu?"

"Nilimwaga udongo wote."

"Uliumwaga wapi, we mtoto?"

"Nyuma ya jiko, Babu. Pale ukutani."

"Beda! Tua jembe!"

Sijui nilizipata wapi mbio zile. Chini ya ukuta, mahali ambapo joto la mafiga hupenya matofalini na maji ya kuoshea vyombo humwagwa, miche midogo ilikuwa imejichomoza katikati ya magugu. Jembe lilikuwa limekwisha kukata mingi. Asnath alichuchumaa, akaligusa jani jembamba linalong'aa. "Hii sasa ndiyo yenyewe," alisema. Michache ilikuwa imesalia. Silvana alilia kwa sauti, nami sikumnyamazisha.

Mvua zilipoanza, tulifukia nyasi, tukainua matuta, tukahamishia miche juu yake. Mvua ilipokatika, Silvana alichota maji kabla ya kwenda shule, bila kukumbushwa. Alipalilia kwa mkono ili asiijeruhi mizizi. Pilipili zilipoiva zikawa nyekundu, alizichuma, kisha akajifuta jicho kwa mkono uleule. Mayowe yake yalisikika hadi barabarani. Mara ngapi nilimwambia anawe mikono?

Siku hiyo tulitenga pilipili za miche yenye nguvu zaidi kwa ajili ya mbegu. Asnath alipewa fungu lake. Ndipo nikamketisha Silvana mbele yangu.

"Uzembe wako uliharibu mbegu nyingi," nilimwambia. "Uongo wako ulikaribia kuzimaliza zote. Kama ungeng'ang'ania kumsingizia Bibi yako, Beda angemaliza kupalilia ukuta ule, na kazi yote aliyoifanya Bibi yako maishani ingeishia kwenye jembe. Ukweli wako, ijapokuwa ulikuja kwa kuchelewa na kwa machozi, ndio uliookoa kilichobaki."

"Nimekosa, Babu. Sitarudia."

Nanyi vijana mnaosoma haya, tegeni masikio. Mkikabidhiwa kazi, ifanyeni kama mlivyoelekezwa. Ikiwashinda, semeni siku hiyohiyo, kabla jembe halijafika. Mimi ni mzee, na sina nia ya kulisema neno hili mara ya pili.