Bujiku Alisoma Mstari wa Kwanza Tu

Bujiku alifanya kazi kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu, Rwamgasa. Alikuwa mwembamba kama ufito. Mkewe Asteria, Mama Paskalia, aliuza dagaa sokoni. Yeye alikuwa mnene, na watu walimtania kwa hilo.

Mwaka juzi wataalamu wa afya walikuja kupima watu bila malipo. Mke na mume walitolewa damu asubuhi, kabla ya kula. Siku mbili baadaye walikwenda kituo cha afya kuchukua majibu. Foleni ya kumwona muuguzi ilikuwa ndefu. Bujiku hakuwa na subira. Alisoma karatasi yake palepale, mstari wa kwanza tu: jumla ya lehemu, yaani mafuta yaliyomo kwenye damu, ilikuwa 4.8. Pembeni paliandikwa "kawaida". Ya Asteria ilikuwa 5.6. Pembeni paliandikwa "juu".

"Umeona, Mama Paskalia?" akasema Bujiku. "Mgonjwa ni wewe. Mimi mzima."

"Tusubiri tuelezwe, Baba Paskalia."

"Tuelezwe nini? Kwani mimi sijui kusoma?"

Wakaondoka.

Tangu siku hiyo nyama ya mafuta ikawa ya Bujiku peke yake. Asteria alikula ugali kwa mlenda. Mumewe alikula mbuzi wa kukaanga, na kuvuta sigara pakiti nzima kwa siku. Akionywa, alijibu, "Karatasi imeshasema." Na aliyemkaangia nyama hiyo ni Asteria mwenyewe.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nane, Bujiku alishika kifua akiwa kazini. Jasho likamtoka. Akaketi juu ya kiroba cha mawe. Wenzake walimpakia kwenye bodaboda, lakini hakufika hospitali akiwa hai. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

Walimzika kwao Didia. Msibani mama mkwe alimtazama Asteria mbele ya watu.

"Mwanangu amekwisha," alisema, "na wewe unanenepa."

Edson, mdogo wa marehemu, alikuwa amekaa hapohapo. Hakufungua mdomo. Kunyamaza kule kulimuuma Asteria kuliko maneno ya mama.

Aliporudi Rwamgasa alichukua karatasi zote mbili, akaenda kituo cha afya. Safari hii alikaa kwenye foleni mpaka mwisho. Muuguzi aliitwa Vumilia.

"Nieleze, muuguzi. Mwenye damu mbaya nilikuwa mimi. Mbona amekufa yeye?"

Vumilia alizisoma karatasi hadi chini.

"Mama, jumla peke yake haitoshi. Tazama mstari huu wenye herufi HDL. Hayo ndiyo mafuta mazuri. Mafuta mabaya huganda kwenye mishipa ya damu. Mazuri huyazoa na kuyarudisha kwenye ini. Pale karashani, mawe yakisagwa mengi na wa kuzoa mchanga ni mmoja, inakuwaje?"

"Mchanga unajaa. Kazi inasimama."

"Basi. Chukua jumla, gawanya kwa mafuta mazuri. Yako ni 5.6, gawanya kwa 1.4."

Hesabu haikuwa kazi kwa muuza dagaa. "Nne."

"Jibu likiwa chini ya tano, afadhali. Likizidi tano, hatari ya moyo na kiharusi inapanda. Ya mumeo ni 4.8, gawanya kwa 0.6."

Asteria alihesabu. Akarudia tena.

"Nane," alisema.

"Nane, na sigara juu yake. Tunapima pia presha na sukari. Tunauliza umri, na kama kuna ndugu waliokufa kwa moyo. Hesabu hii haisemi nani atakufa, mama. Inasema nani asichelewe kutibiwa."

"Angetibika?"

Vumilia hakutaka kumdanganya. "Tungejaribu. Pengine angekuwepo."

Asteria alitoka nje, akaegemea ukuta, akalia. Alimlilia mumewe, na alimkasirikia. Saa moja tu ya foleni!

Ndipo akamkumbuka Edson. Naye alikuwa mwembamba. Naye alivuta. Walikuwa ndugu wa tumbo moja. Moyo ukamwambia, mwache. Akamwacha wiki mbili. Wiki ya tatu akapanda basi kwenda Didia.

"Shemeji, sikuja kwa ugomvi. Nenda kapime mafuta ya kwenye damu. Ukipewa karatasi, usiondoke mpaka uelezwe."

Edson aliinamisha kichwa. "Baada ya yale ya msibani, bado unanijali?"

"Ninawajali wanao. Nenda."

Edson alipimwa Shinyanga mjini. Jumla ilikuwa 5.6, mafuta mazuri 0.8. Jibu lilikuwa saba, na presha ilikuwa juu. Daktari alimwandikia dawa za kunywa kila siku. Alimwambia aache sigara, apunguze vya kukaanga na chumvi, na atembee sana. Edson alifuata yote. Baada ya miezi minane jumla ilikuwa 4.0, mafuta mazuri 1.0. Nne.

Akafunga safari hadi Rwamgasa na gunia la michembe, viazi vilivyokaushwa na mkewe.

"Shemeji, umeniokoa," alisema, akicheka kwa furaha. "Mayu, mama yetu, naye anaomba umsamehe."

"Mama aje aseme mwenyewe. Na wewe usiache dawa."

"Siachi."

"Nimefurahi, shemeji. Mungu anajua nimefurahi. Lakini ukicheka hivyo namwona Bujiku. Nenda nyumbani. Mkeo anakusubiri."

Edson akaaga. Asteria alimtazama akitembea hadi barabarani, mzima wa afya. Kisha akaingia jikoni kusonga ugali wa watu wawili, wake na wa Paskalia.