Ngoma Isiyoimbiwa

Asubuhi moja ya Juni, mwaka 1974, mjini Mbeya, Tusekile alikuwa akifuta vumbi kwenye ngoma ya ukumbini akakuta ngozi yake ina joto, kama paja la mtu aliyekaa juani. Na jua halikuwapo. Ukungu ulikuwa umefika madirishani. Akatoa mkono, akaikaza mbeleko ya mwanawe Asukile, aliyekuwa akilia kwa kuota meno.

Nyumba ile ilikuwa ya chama cha wasomi wanaochunguza utamaduni wa taifa. Wa historia, wa muziki, wa lugha, wa mitishamba, wote walikaa meza moja, na Tusekile ndiye aliyewapikia chai. Ngoma ilikuwa imeletwa na Bi Apolonia, wa historia, kutoka upande wa Iringa. Mwalimu Ezekia, wa muziki, yeye alikuwa amenasa wimbo wa kikongwe mmoja ng'ambo ya Mto Ruaha, huko Usangu.

"Wazee walinionya," Bi Apolonia aliwaambia wenzake mkutanoni. "Ngoma hii haiimbiwi."

"Na wangu wakasema wimbo huu haupigiwi ngoma." Ezekia alicheka. "Mnaona? Kitu kimoja wamekigawa vipande. Kazi yetu ni kuunganisha."

Akamwona Tusekile akitetemeka kwa baridi mlangoni na birika. Akavua sweta lake, akamfunika mtoto mwenyewe, taratibu, mpaka miguuni.

"Kaa usikilize, dada."

"Ndaga, Mwalimu," alishukuru Tusekile.

Ezekia akawasha kinasa sauti. Sauti ya kikongwe ikaanza kuimba.

Ngoma ikajibu.

Hakuna aliyeigusa. Ilipiga polepole, ngozi ikibonyea kama inayokandamizwa na kiganja, na harufu ya ngozi mbichi na maziwa yaliyochacha ikajaa ukumbini, na Bi Apolonia alipochomoa waya wa umeme wimbo haukukatika, ukazidi, kwa sababu sasa ulikuwa unatoka kinywani mwa Ezekia, macho yamemtoka, kucha zake zikichimba shingo yake mwenyewe hadi damu ikachirizika kwenye kola.

"Mlinitenga," kikongwe kikasema ndani ya koo lake. "Nimechoka kutengwa. Nataka nyumba moja."

Asukile akaacha kulia.

Jioni aliletwa Bibi Kashindye, mganga wa Igawa. Aliichoma tepu uani, akamfukiza Ezekia mpaka akatapika, akaamuru ngoma ianze safari ya kurudi ilikotoka kabla giza halijaingia.

"Wimbo bila ngoma ni upepo," alisema. "Ngoma bila wimbo ni gogo. Nani mwingine alisikia?"

"Sisi tu," Bi Apolonia alinong'ona. "Na huyo mtoto, lakini hajajua kusema."

Bibi Kashindye alimtazama mtoto. Kisha akakusanya vitu vyake upesi, hata ujira hakuuchukua.

Tusekile alishika njia ya nyumbani kwenye ukungu, sweta la Mwalimu bado limemfunika mwanawe. Alimshukuru Mungu kwamba mtoto ametulia. Akapita kanisani, akapita kisimani, na hapo ndipo alipousikia mvumo mdogo nyuma ya sikio lake, mwororo, bila maneno, akaujua wimbo kabla hajataka kuujua, akaongeza mwendo, akasema, "Nyamaza, baba, nyamaza mwanangu," akapeleka mikono nyuma kuifungua mbeleko, na fundo likakataa.

Kiganja kidogo, cha moto, kikaanza kumpiga mgongoni. Polepole.

Na ndani ya kifua chake, kitu kikajibu.