Wa Kwanza Siku ya Sretenje

Nyumba haina jiko, lakini mji mzima huenda kuota moto humo. Usijichoshe, nakupa jibu: ni maktaba ya mji wetu wa Valjevo mwezi wa Februari, kuni zinapokaribia kwisha. Humo ndimo Grozdana, muuguzi wa zamu za usiku, alimokalia koti la mtu kwa uchovu.

"Dada, hilo ni koti, si kiti."

"Kumbe. Mbona ni laini kuliko kitanda changu?"

Mwenye koti, Radoš, fundi wa vigae, mrefu wa kuinamia milango, akacheka. Tangu hapo wakawa wanakutana pale penye bomba la joto, Radoš akisoma, Grozdana akisinzia ndani ya shali yake ya kijani.

Kisha Radoš akaitiwa kazi Vienna. Akasema atajibu baada ya Sretenje, sikukuu ya katikati ya Februari ambapo baridi na kiangazi hukutana njiani. Kwa mila yetu, asubuhi hiyo dubu akiona kivuli chake hurudi kulala, na baridi huendelea. Msichana naye, mwanamume wa kwanza atakayekutana naye asubuhi hiyo ndiye mumewe atakayefanana naye.

Siku yenyewe simu ikalia Grozdana akiwa ndani ya basi, ametoka zamu.

"Kipenzi, dubu kaamka?"

"Kaona kivuli, karudi kulala. Namwonea wivu."

"Na wewe umekutana na nani kwanza?"

"Mzee Ljubiša wa posta. Kafupi, kipara kinameta."

"Basi nimechelewa," Radoš akasema, akakata.

Grozdana alilala, lakini usingizi haukumkaa. Mchana akaenda maktaba. Radoš alikuwa akirudisha vitabu vyote, viatu vimelowa theluji.

"Ndiyo unaondoka kwenda Vienna?"

"Nilisimama kwenye lango la hospitali tangu alfajiri, unione mimi kwanza. Ulipitia wapi?"

"Mlango wa jikoni. Ndio ulio karibu na basi."

"Mila ni mila, Grozdana."

"Mila imesema mume wangu atafanana na Mzee Ljubiša. Haikusema lini. Nywele zitakutoka, mgongo utapinda, utakuwa yeye mtupu. Mimi nitangoja."

Radoš akavivuta vitabu vyake kutoka mezani kwa mtunza maktaba, kimoja kimoja.

"Basi utaolewa na mimi?" akanong'ona, asiwaamshe wazee waliosinzia.

"Nitaolewa. Sogea nikuegemee, miguu imeniisha."