Kimo cha Sifuri

Mvua iliwakuta siku ya gulio katika soko la Lushoto, ikawasukuma wote wawili chini ya turubai la muuza mapeasi. Lightness, gauni lake la kitenge cha njano likiwa limeanza kumganda miguuni, alimwona kijana mrefu akivua koti na kulifunika sanduku jeusi alilolikumbatia. Yeye mwenyewe maji yalikuwa yakimtiririka shingoni.

"Kaka, unaloa."

"Mimi nitakauka, dada. Huyu hakauki."

"Humo kuna mtoto?"

"Kuna droni. Akianza kulia, Lushoto nzima hakuna wa kumbembeleza."

Muuza mapeasi aliangua kicheko. Lightness naye alicheka, kisha, bila kujua ni nini kilichomtuma, akaichukua kanga aliyojitanda na kumfuta kijana yule shingo. Hivyo ndivyo alivyomfahamu Ulimboka, rubani wa droni, mzaliwa wa Tukuyu, aliyeajiriwa na mradi uleule wa kurejesha misitu ambao Lightness aliuchorea ramani.

Mwaka haukuisha, wakawa wachumba. Mzee Zabron, baba yake Lightness, alinung'unika kidogo kuhusu watu wa kuja, akaulizauliza, akaridhika. Likabaki juma moja tu majina yao yaanze kutangazwa kanisani, mara ya kwanza kati ya zile tatu ambazo kila mwenye pingamizi hupewa nafasi ya kusimama.

Katikati ya juma hilo, droni ikapotea.

Ulimboka alieleza kwamba ukungu ulishuka ghafla, mawasiliano yakakatika, na hakuiona tena. Bwana Bartholomeo, msimamizi wa mradi, alimsikiliza mikono ikiwa mfukoni. Asubuhi ya Ijumaa alimwekea Lightness mezani rimoti ya droni ile.

"Ndani mna rekodi ya safari ya mwisho. Isome uniambie ilikoishia. Kama imeuzwa, saa tisa nakwenda polisi."

"Bosi, unajua mimi na Ulimboka..."

"Najua. Hapa hakuna mwingine anayeweza kazi hii. Na wewe hujawahi kunidanganya."

Alipoondoka, Lightness alilitoa faili la rekodi hiyo na kulifungua. Lilikuwa limefungwa kwa fumbo, kama yalivyo mafaili yote ya droni za siku hizi: ukurasa mzima wa alama zisizosomeka. Ufunguo wake haukuwamo ndani ya faili. Ulipaswa kuombwa kwa mtandao kutoka kwa watengenezaji, na mtandao wa Lushoto siku ya ukungu huenda na kurudi upendavyo. Aliomba, ukakatika. Aliomba tena, akakaa akiutazama mstari unaotambaa kwenye kioo, akigundua kwamba anauma kucha, jambo ambalo mama yake alikuwa amemwachisha tangu utotoni.

Ufunguo ulipokuja, zile alama zilifunguka zikawa jedwali: saa, latitudo, longitudo, kimo, na safu nyingine nyingi. Alilibadilisha jedwali kuwa mstari na kuulaza juu ya ramani. Mstari ulianzia kwenye ukingo wa mlima, Shume, ukaelekea upande wa kijiji cha Malindi, ukakoma. Pale ulipokoma palikuwa na nyumba moja ya bati jekundu. Aliifahamu. Ilikuwa nyumba ya Jenoveva, fundi cherehani, ambako Ulimboka alipanga chumba alipofika mara ya kwanza, na ambako midomo ya watu ilikuwa imewaoza wawili hao zamani.

Akatazama safu ya kimo. Juu ya bati lile droni ilikaa muda mrefu, na kimo chake kilikuwa sifuri.

Ilikuwa imetua. Uani kwa Jenoveva.

Alipiga simu kabla hajajipa nafasi ya kufikiri.

"Siku droni ilipopotea ulikuwa wapi?"

"Salamu kwanza, mpenzi wangu. Nilikuwa Shume, pale ukingoni. Si nimeshasema?"

"Malindi hukufika?"

"Nifuate nini Malindi? Mguu wangu haukukanyaga huko."

"Na Jenoveva hukumwona?"

"Jenoveva kaingiaje hapa?"

"Mpigie mchungaji. Mwambie Jumapili asitutangaze."

"Lightness, subiri, nisikilize mama..."

Alikata. Ripoti ilihitaji sentensi moja tu, naye aliiandika: droni ilitua katika makazi ya watu. Aliisoma, akaisoma tena, mkono ukakataa kuituma. Hakuwahi kutia saini jambo ambalo hajalithibitisha, hivyo alijiambia. Ukweli ni kwamba alitaka kumwona mwanamke yule uso kwa uso. Alivaa sweta, akachukua kompyuta yake, akapanda bodaboda kwenda Malindi.

Jenoveva alikuwa barazani, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, mguu ukikanyaga cherehani.

"Karibu, dada. Gauni au sare ya kwaya?"

"Wala. Nimefuata droni."

"Ile ya Uli?"

Lile jina fupi lilimchoma Lightness. "Umemwona lini?"

"Yeye? Tangu ahame hajanipa hata salamu, na ndoo yangu kaondoka nayo. Kama wewe ndiye mchumba wake, mwambie airudishe."

"Droni ilitua hapa uani?"

"Itue wapi? Ilikuwa huko juu ndani ya ukungu, inavuma tu kama nyuki aliyepotewa na mzinga. Kuku wangu wote walijificha chini ya cherehani hii. Halafu mlio ukapanda, ukaelekea kule."

Alinyoosha kidole. Lightness alikifuata kwa macho, akalazimika kuinua kidevu. Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka, na nyuma ya nyumba mlima ulisimama wima kama ukuta, shamba juu ya shamba, kabichi juu ya kabichi, hadi kwenye ukingo uliojaa misonobari. Kule juu kabisa, juu kuliko mnara wowote wa kanisa, ndiko Ulimboka alikorushia droni.

Alikaa kwenye ngazi ya baraza.

Droni haipimi kimo kutoka ardhi iliyo chini yake. Inapima kutoka pale iliporuka. Jambo hilo alilijua tangu chuoni. Lakini rekodi zote alizowahi kusoma zilikuwa za mashamba ya mkonge kule Korogwe, tambarare, ambako sifuri ni ardhi popote uendapo. Sifuri ya safari hii ilikuwa kule ukingoni, na chini yake, hadi kwenye bati jekundu, palikuwa na bonde zima la hewa.

Alifungua kompyuta magotini. Safu ya injini, ambayo hakuigusa asubuhi, ilisema wazi: hadi mstari wa mwisho, mawasiliano yalipokatika, zilikuwa zikizunguka. Akapiga simu.

"Ulimboka, usikate."

"Aliyekata si mimi."

"Kwa nini uliisimamisha juu ya nyumba ya Jenoveva?"

"Sikujua ni kwake. Ukungu ulifunika kila kitu, kikabaki kibati chekundu tu kwenye kioo. Nilikishikilia hicho nisipotee."

"Kimo cha kurudi yenyewe mawasiliano yakikatika uliweka ngapi?"

"Mita ishirini. Nilisahau kuongeza."

"Misonobari ya ukingoni inazidi hapo. Njoo. Najua ilipo."

Alimpigia pia Bwana Bartholomeo, akamweleza kosa lake yeye mwenyewe kwanza, kisha kosa la Ulimboka, na injini zilivyosema. "Bila droni yenyewe hayo ni maneno," alijibu msimamizi. "Saa tisa ni ileile."

Walikutana ukingoni, hawakushikana mikono. Waliufuata mstari wa kurudi aliouchora, mti kwa mti, shingo zikiuma, hadi Lightness alipoona kitu cheupe kwenye panda ya msonobari, bawa moja likiwa limevunjika. Alikipiga picha, akaituma. Jibu lilikuja fupi: *Nimeona. Mtalilipia bawa, polisi siendi.*

Ulimboka alivua viatu apande.

"Ulimpigia mchungaji?" Lightness aliuliza nyuma yake.

"Nilimpigia. Nilimfikishia neno lako kama lilivyo. Ameyatoa majina." Alishika tawi la kwanza, hakugeuka. "Sikujua ningekusemea nini kingine."

Lightness alitoa simu, akapiga.

"Shikamoo, Mchungaji. Ni Lightness wa Mzee Zabron. Naomba majina yetu yarudi Jumapili."

"Marahaba, binti. Asubuhi yatolewe, mchana yarudishwe? Una hakika?"

Juu yake tawi lilitikisika, matone yakamwangukia shingoni. Ulimboka alikuwa ameacha kupanda, anasikiliza.

"Nina hakika, Mchungaji. Asubuhi nilisoma vibaya."

Koti lilidondoka kutoka juu, likamfunika kichwa na mabega.

"Unaloa, dada," alisema Ulimboka.