Mama Hakuwahi Kubisha

Simu ya Kaka ilianza kunuka Jumatatu. Ilikuwa harufu ya nywele zinazoungua, na kwenye duka la dobi harufu ya kuungua si ya kufanyia mzaha. Dada mtu, mwenye duka, alichomoa pasi, akanusa mashati yote kumi na manane yaliyokuwa mezani. Hakuna lililoungua. Harufu ilitoka mfukoni mwa mdogo wake huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Kaka, na ambaye wakati huo alikuwa anakunja shuka bila kuinua macho.

"Simu yako inaungua?"

"Betri tu, dada. Imezeeka."

Betri! Mtu mzima na ndevu zake anasema betri. Ukweli ni kwamba asubuhi ile alipata barua pepe kutoka kwa asiyemjua, ikisema mzigo wake umefika. Hakuwa ameagiza mzigo. Akaifungua hivyo hivyo. Ikamwomba neno la siri, naye akaliandika. Hapo bado angesamehewa, kila mtu huteleza. Lakini aliona haya, akanyamaza siku tatu nzima, na hilo ndilo lisilosameheka.

Tena neno lenyewe halikuwa lake peke yake. Marehemu mama yao alikuwa na neno la kuwaitia ndani giza likiingia, neno la mapenzi alilolitunga mwenyewe. Alipofariki, watoto wake wote watatu walilifanya neno la siri la simu, la barua pepe, la kila kitu. Walidhani wanamuenzi. Kumbe walikuwa wamefunga nyumba tatu kwa ufunguo mmoja.

Alhamisi, saa saba mchana, jua la utosini, Kaka alipeleka nguo kwa wateja na kuiacha simu mezani, imezimwa. Dada mtu alikuwa anapiga pasi kola ya shati. Simu ikakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha mama, kile kikavu cha mara mbili, na kabla hajaweka pasi chini sauti ikaanza kuliita lile neno, polepole, kwa mapenzi yale yale, ikilirudia na kulirudia kutoka kwenye kioo cheusi kisicho na mwanga wowote, huku harufu ya nywele ikijaa duka zima na mvuke wa pasi ukiganda shingoni mwake kama mkono wa mtu.

Simu yake mwenyewe ikaita. Alikuwa Kitinda, mdogo wao wa mwisho, mwenye mimba ya miezi tisa, yuko peke yake nyumbani.

"Dada," alinong'ona. "Mama yuko mlangoni. Anabisha. Anataka nimfungulie."

"Usifungue! Unanisikia? Usikate simu na usifungue!"

Kaka aliingia, akasikia, akakiri yote palepale. Dada mtu alimzaba kofi lililosikika ng'ambo ya barabara, akamburuta hadi kwa fundi simu, mwanamke mfupi mwenye miwani.

"Mimi si mganga," fundi alicheka. "Mimi nabadilisha vioo." Kisha akainusa simu, akaacha kucheka. "Lini?"

"Jumatatu," Kaka alisema.

"Na leo Alhamisi! Ungesema siku ile ile, ingekuwa kazi ya dakika tano." Alitoa betri, akaifungia simu kwenye droo. "Sasa sikilizeni. Hii isiguse intaneti tena. Chukueni simu yangu, badilisheni maneno ya siri yote, mkianza na la barua pepe. Kila mtu neno lake, na msiambiane. Halafu waambieni watu wenu wote wasifungue chochote kinachotoka kwa huyu kijana."

Kaka akabadilisha la kwake. Simu ya Dada mtu ilikuwa bado haijakatwa; kule kwa Kitinda, sauti ikakwama. Dada mtu akabadilisha. Ikawa mnong'ono. Ikabaki zamu ya Kitinda.

"Nikibadilisha sitamsikia tena," alilia. "Analia, dada. Anasema anasikia baridi."

"Huyo si mama!" Dada mtu alifoka, machozi yakimtoka kwa hasira. "Tangu lini mama akabisha? Mama hakuwahi kubisha maisha yake yote! Alikuwa anaingia tu!"

Kitinda akasema, "Nimebadilisha." Kubisha kukakoma.

Walirudi dukani. Kaka akashika mashuka yake.

"Dada, umeweka neno gani?"

"Hukumsikia fundi?"

"Nauliza tu. Na Kitinda, ameweka lipi?"

"Niondokee hapa kabla sijakupiga na hii pasi."

"Basi naenda kumwomba Kitinda msamaha," alisema kwa upole, akatoka.

Dada mtu aliendelea kupiga pasi kwa hasira, mpaka ile harufu ikamfikia. Alichomoa pasi. Akanusa mashati, moja moja, kama Jumatatu. Hakuna lililoungua. Simu ilikuwa kwenye droo ya fundi, haina betri. Akainua shuka ambalo Kaka alikuwa amelikunja, akalipeleka puani; harufu ilikuwa humo.

Akampigia Kitinda.

"Kaka akija, usimfungulie. Funga kwa komeo."

"Mbona ameshafika, dada?" Kitinda alisema. Nyuma yake mtu alikohoa, mara mbili, kikohozi kikavu. "Wala hakubisha. Ameingia tu."