Mianzi Bandia kwenye Ukingo wa Kwisat

Huko kwenye mto Kwisat mvua si habari. Ukimwambia mtu "leo mvua inanyesha," atakutazama kana kwamba umemwambia ana pua. Kwa hiyo Delbert alipoamka Jumamosi ile akakuta mvua nyembamba ikishuka juu ya mierezi, hakushangaa. Alivaa koti lake la mpira, akanywa kahawa akiwa amesimama, akaenda kutoa mashine yake ya kufyekea.

Mashine ile ilikuwa mpya. Watoto wake walimnunulia alipostaafu kazi ya kuendesha lori la magogo. Verna, mkewe, alikuwa akisema kwamba kama ile mashine ingejua kuchemsha viazi, yeye angekuwa amesharudishwa kwao.

"Unaenda kufyeka nini tena?" Verna aliuliza kutoka dirishani.

"Mianzi bandia. Imerudi."

"Si uliifyeka juzi juzi?"

"Ndiyo. Imerudi."

"Basi inakupenda, mzee wangu. Mimi ungenifyeka hivyo nisingerudi."

Mianzi bandia ni jina tu ambalo watu wa mto ule waliupa mmea mgeni. Si mianzi ya kweli, ila shina lake lina pingili na ndani ni wazi. Enzi za mama yake Delbert haukuwapo. Mafuriko ya mwaka mmoja yaliuleta kutoka juu ya mto, ukaota nyuma ya nyumba. Mwanzo kilikuwa kichaka cha kukaa kuku wawili. Sasa kila kiangazi ulipanda ukampita Delbert kimo, ukafunga ukingo mzima, na chini yake halikuota jani jingine lolote. Vichaka vya matunda mwitu vilikufa. Kangaga zilikufa. Mierebi michanga ilikosa jua, nayo ikafa.

Na pale pale ukingoni palikuwa na banda la moshi.

Banda lile mama yake Delbert alilijenga kwa mbao za mwerezi, zilizopasuliwa kwa mkono. Kila mwaka samoni walipopanda mto, samaki wa familia walitundikwa humo na moto mdogo ukawashwa chini yao. Nusu ya kijiji walijua kwamba moshi ukionekana pale, kuna kipande cha kuonja. Mama alikuwa ameshafariki, lakini ukifungua mlango wa banda, harufu yake ya kazini ilikuwa bado imo.

Siku ile Delbert alifyeka mpaka mchana. Karamu ya samaki wa kwanza wa msimu ilikuwa inakaribia, naye alitaka wageni waukute ukingo safi. Alipomaliza alichukua reki, akasukuma marundo yote ya mashina mtoni.

"Si uyachome?" Verna aliuliza.

"Nichome na mvua hii? Mto utayachukua."

Katika familia za mto ule, mifupa ya samaki wa kwanza haitupwi jalalani. Hurudishwa mtoni kwa heshima, ili samaki waje tena. Delbert alifanya hivyo tangu utoto. Kwake yeye, kuupa mto kitu hakukuwa uchafu. Yalikuwa malezi mema. Basi alisimama, akayatazama mashina yakielea kwenda baharini, akajisikia mtu safi. Nia yake, kwa kweli, ilikuwa safi kuliko ukingo wake.

Kabla karamu haijafika, mianzi ilikuwa imeota tena mpaka magotini.

*

Taabu yenyewe ilionekana majira ya baridi.

Mianzi bandia hukauka baridi ikija. Mashina huanguka, na udongo hubaki mtupu kama kichwa cha mtu aliyenyolewa. Mvua kubwa zilipofika, maji yalipanda, yakakuta ukingo usio na kitu cha kuushika. Yakaanza kuula. Leo kipande cha ukubwa wa mkeka, kesho kipande cha ukubwa wa kitanda.

Asubuhi moja Delbert alikuta nguzo moja ya banda inaning'inia hewani. Chini yake kulikuwa na maji ya kahawia, yanakimbia.

Alileta mifuko ya mchanga. Mto ukaichukua. Alileta matairi ya lori. Mto ukachukua na hayo. Mwishowe aliegemeza gogo nene chini ya boriti, akafunga banda kwa kamba kwenye msonobari ulio nyuma yake, kama mtu anayemfunga ng'ombe asitoroke.

"Likienda, hatutajenga tena," alisema akiwa amekaa mezani, mikono ina matope. "Mbao zile nitazipata wapi? Mierezi ya namna ile imeshakatwa. Nyingine nimeibeba mimi mwenyewe kwa lori."

Verna hakutania. Alimsogezea bakuli la supu, akamwekea mkono begani, akauacha hapo.

*

Majira ya machipuko pikapu ya shangazi Ione ilisimama mlangoni. Shangazi Ione alikuwa mdogo wa baba yake Delbert. Aliishi chini, karibu na mdomo wa mto, na alisuka vikapu kwa mizizi ya miti. Umri ulikuwa umemwinamisha mgongo lakini ulimi ulikuwa bado umenyooka. Pamoja naye alishuka Renita, binti wa dada yake Delbert, ambaye alifanya kazi katika kikosi cha kutunza mto.

Shangazi alikuwa na ndoo. Aliiweka miguuni pa Delbert.

"Kijana, nimekuletea mali yako."

Delbert, mwenye mvi kichwa kizima, alichungulia. Ndani kulikuwa na matope, na katika matope kipande cha shina kifupi kama kidole. Upande mmoja kilikuwa kimetoa majani mawili. Upande wa pili, mizizi.

"Hii si yangu, shangazi. Hii imeota kwako."

"Imeota kwangu, ndiyo. Mchanga wangu wote wa kuchimbia mizizi umejaa hii. Lakini tazama ilivyokatwa. Mto hauna wembe. Huyu ni mtu mwenye mashine mpya."

Verna aligeuka upande, akajifanya anakohoa.

"Mjomba," Renita alisema kwa upole, "ulipofyeka, mashina uliyapeleka wapi?"

"Mtoni."

"Yote?"

"Niyaweke wapi? Nyinyi wenyewe mnarudisha mifupa mtoni."

"Tunairudisha ili samaki warudi. Na haya umeyarudisha. Yamerudi."

Delbert aliketi kwenye ngazi ya mlango, na ndoo mbele yake. Alikuwa amezoea kuchekwa kuhusu mashine. Lakini kumkuta shangazi yake amebeba uharibifu wake kwenye ndoo, hilo halikumchekesha.

"Sikujua, shangazi."

"Ungejua ningekuja na fimbo, si ndoo," shangazi alisema. Kisha akaketi kando yake. "Sogea. Msikilize mtoto."

Renita alikitoa kile kipande, akakisafisha kwa kidole.

"Mmea huu hauhitaji mbegu, mjomba. Kipande chenye pingili moja tu kikiangukia penye unyevu, kinaota. Kwa hiyo ukiufyeka ukautupa mtoni, unaupanda mpaka baharini. Na ukiufyeka bila kuutupa, shina la chini linakasirika, linatuma machipukizi mengine mbali zaidi. Mizizi yake inakwenda chini kuliko kimo chako."

"Mizizi mirefu hivyo, mbona haishiki udongo?"

"Swali zuri. Ni minene na inakatika kama karoti. Mierebi na mierezi ina mizizi midogo midogo, mingi, imesukana kama kikapu cha shangazi. Hiyo ndiyo inayoshika ukingo. Tena miti ile inatia kivuli, maji yanabaki baridi. Majani yake yanaanguka mtoni, wadudu wanayala, na samaki wachanga wanawala wadudu. Ukingo wa mianzi bandia hauwapi samaki chakula kama kile."

"Basi nifanye nini? Niambie, nianze leo."

"Leo ufanye kitu kigumu sana. Uweke mashine ndani."

"Halafu?"

"Halafu uiache mianzi iote."

Delbert alimtazama Verna kama anayemwomba awe shahidi.

"Mwisho wa kiangazi," Renita aliendelea, "mmea huwa unavuta chakula kutoka kwenye majani, unakipeleka mizizini. Wakati huo sisi tunakuja na bomba la sindano, tunatia dawa kidogo ndani ya kila shina. Mmea wenyewe unaishusha mpaka mizizini. Ukiwa umeufyeka, mashina yanakuwa membamba na dawa haina pa kuingia."

"Dawa, karibu na samaki?"

"Ndiyo maana hatupulizi ovyo. Inaingia ndani ya shina, na anayeitia ni mtu aliyefundishwa na mwenye kibali. Wewe usinunue dawa dukani ukajitibia mto. Na hatuanzii hapa kwako. Tunaanzia juu, kwenye lile shamba lililoachwa, kisha tunashuka. Tukianzia chini, mafuriko yataleta vipande vingine juu ya kazi yetu."

"Itachukua muda gani?"

"Itabaki kidogo mwaka wa pili. Kidogo zaidi wa tatu. Usiichoke kabla haijakuchoka."

*

Kiangazi kile kilikuwa kirefu kwa Delbert. Mianzi ilipanda mpaka mto ukapotea machoni. Wapita njia walimwuliza kama ameuza mashine au mashine imemwacha. Mwingine alimwuliza kama ameanza kufuga tembo humo ndani. Delbert alijibu "nangoja," akaingia ndani.

Lakini hakukaa bure. Alikwenda kwa shangazi Ione akiwa na turubai na magunia. Pale mchangani, vile vipande vilivyoota vilikuwa bado vichanga, mizizi haijazama. Aliving'oa kimoja kimoja kwa mkono, amepiga magoti, akavitandaza juu ya turubai, mbali na udongo, mpaka vikakauka vikavunjika kama tambi. Ndipo alipovichoma. Shangazi alikaa kwenye kiti chake akisuka na kumwelekeza.

"Umeacha kimoja hapo."

"Hicho ni kijiti, shangazi."

"Nilidhani siku hizi hutofautishi."

Alirudi tena na tena, maana kila alipodhani amemaliza, vingine vilichomoza. Siku moja shangazi alimwekea mkate wa kukaanga na chai bila kusema neno la kumchoma. Delbert alijua amesamehewa.

Mwisho wa kiangazi kikosi cha Renita kilianza juu, kwenye shamba lililoachwa. Delbert alikwenda nao akibeba maji na chakula. Bomba hakuligusa, hakuwa na kibali. Walishuka kipande kwa kipande mpaka wakafika nyuma ya nyumba yake. Baada ya wiki chache mianzi ilikunja majani, ikawa ya manjano, ikalala.

Mvua za baridi zilipolainisha udongo, wakapanda. Renita alileta fimbo za mierebi zilizokatwa mbichi, akazikita ukingoni kwa nyundo. Delbert alimtazama kwa mashaka.

"Unachomeka kijiti, kitaota?"

"Kitaota."

"Yaani mimi nimegombezwa mwaka mzima kwa kuchomeka vijiti."

"Hivi ni vya hapa, mjomba. Vinakaa na wenzao. Vile vyako vilifukuza kila mtu."

Nyuma ya mierebi walipanda vichaka vya matunda mwitu, na nyuma zaidi mierezi michanga. Verna aliizungushia waya, kwa sababu kulungu wa Kwisat hawana adabu kwenye shamba la mtu. Chini ya nguzo iliyokuwa ikining'inia waliweka magogo makubwa, wakayafunga imara ili ukingo upumue mpaka mizizi ishike.

Mianzi ilichomoza tena mwaka uliofuata, michache. Renita akaja na bomba lake. Mwaka wa tatu ikatoa vishina vya kuhesabika, vyembamba kama majani ya kitunguu. Renita akaja tena, safari hii akavipaka dawa majanini. Delbert alikuwa akitembea ukingoni kila asubuhi na kikombe chake, macho chini, kama mtu aliyepoteza pete.

Mwaka ule samoni walipanda vizuri na banda lilijaa. Samaki walikuwa wangali wametundikwa wakati mvua kubwa ilipokuja. Ilinyesha mpaka hata watu wa Kwisat wakaanza kuitaja. Mto ulipanda ukafika kwenye mierebi, ukaipindua yote upande mmoja, ukapita juu yake. Delbert alitaka kwenda kulifunga banda kwa kamba. Verna alimshika koti.

"Utafunga banda, na wewe atakufunga nani? Kaa."

Akakaa. Lakini hakumaliza viazi vyake.

Kulipopambazuka maji yalikuwa yameshuka. Delbert alitoka bila kofia. Mierebi ilikuwa imejaa matope, na mmoja mmoja ilikuwa ikiinuka polepole. Banda lilikuwa limesimama kwenye nguzo zake zote. Aliinama ukingoni, akabaki ameinama muda mrefu, mpaka Verna akamfuata akiwa na kuni kwapani kwa ajili ya moto wa banda.

"Unatazama nini?"

"Udongo."

"Huo udongo umefanya nini?"

"Haujafanya kitu. Uko pale pale."

Verna aliutazama naye. Kisha akampa nusu ya kuni, wakafungua mlango wa banda, wakaingia kuwasha moto.